Kabla mtoto hajabonyeza kozi ya afya pale KUCCPS, uliza kwanza nani atamsajili

Hadubini_Eastlando (mwenye uzi)

Wadau habari zenu. Nimetoka zamu ya usiku na macho mekundu lakini nisipoandika leo sitaandika tena. Jana nilipita saiba moja (duka la intaneti) huku Umoja kuchapisha karatasi zangu, nikakuta wasichana watatu waliofanya KCSE, mtihani wa fomu four, wamesimama nyuma ya kijana wa saiba na yeye ndiye anawachagulia kozi kwa KUCCPS, ile tovuti ya serikali ya kuwapangia wanafunzi vyuo. Anauliza, unataka mambo ya hospitali? Msichana anasema ndio. Anabonyeza kitu chenye neno bayo, anabonyeza kingine chenye neno afya, analipwa, anaita anayefuata. Hakuna mzazi, hakuna mwalimu, na huyo kijana wa saiba simlaumu maana yeye kazi yake ni kujaza fomu.

Mimi ni mtu wa maabara, hospitali moja huku Eastlands. Lakini nilifika hapa kwa kuzunguka miaka saba na nataka niwaeleze vile ilikuwa, labda kuna mzazi hapa ataokoa mtu.

Nilipata B+ wakati wangu. Udaktari ulinikataa kwa pointi za klasta, zile za masomo ambayo kozi inaangalia, nikaitwa kusoma bayokemia. Mjomba wangu, ambaye ndiye alikuwa amesoma kwetu, akasema usijali hiyo ndiyo njia ya kuingia udaktari, mtu anasoma sayansi kwanza halafu anapanda. Sikumuuliza ametoa wapi hiyo maneno. Baadaye ndio nilikuja kujua hiyo ni ya Marekani, kule mtu anasoma digrii ya kwanza miaka minne, anafanya mtihani wa MCAT, ndio anaingia shule ya udaktari miaka mingine minne. Huku kwetu udaktari unaingia moja kwa moja kutoka fomu four, miaka sita ya MBChB na mwaka mmoja wa intanshipu (kazi ya mafunzo hospitalini), na bayokemia haikupi hata hatua moja mbele, ukitaka udaktari unaanza mwaka wa kwanza na watoto wa juzi.

Basi nikamaliza, nikavaa suti, nikazunguka hospitali za Nairobi na bahasha. Kila mahali ni swali moja, namba yako ya bodi? Nikawa nashindwa bodi gani. Mzee mmoja wa maabara ndiye alinikalisha chini akanieleza polepole. Damu ya mgonjwa ikiingia maabara ya hospitali, sheria inataka aishike mtu aliye kwenye rejista ya KMLTTB, ile bodi iliyoundwa na sheria ya mwaka 1999, na bodi inasajili mtu aliyesomea maabara ya tiba kwenye chuo ilichokiidhinisha. Bayokemia ni sayansi nzuri, utafiti inakufaa, kiwanda inakufaa, kufundisha inakufaa. Lakini yeye hawezi kuniweka kwenye benchi lake hata kama nina fesi klasi, akikaguliwa ni yeye anafungiwa.

Nilirudi nyumbani nikalala siku mbili. Mamangu alikuwa ameuza ng'ombe wawili kwa hiyo digrii. Nilifanya kazi ya kupima maziwa kiwandani nikaweka akiba, halafu nikaingia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kusoma diploma ya maabara nikiwa na miaka ishirini na sita, nakaa darasani na watoto wa miaka kumi na tisa. Miaka mitatu. Nikasajiliwa, nikapata kazi.

Kwa hivyo hii ndio naomba mshike. Kozi za afya Kenya zimegawanyika mara mbili hata kama majina yanafanana. Kuna ile ina bodi au baraza nyuma yake, ukimaliza unapewa laiseni unagusa mgonjwa, na kuna ile haina. Daktari na daktari wa meno ni KMPDC. Nesi ni Nursing Council. Klinikal ofisa, yule tabibu ambaye si daktari, ni Clinical Officers Council, sheria yao mpya ni ya 2017. Mfamasia na yule wa diploma ya famasia wote wawili ni Pharmacy and Poisons Board. Fizio, wale wa tiba ya viungo, wana baraza lao tangu sheria ya 2014. Watu wa lishe ni KNDI. Afisa wa afya ya umma ni PHOTC. Hata wale wa kuweka rekodi za hospitali wana bodi yao, sheria ni ya 2016.

Ukiona kozi inaitwa sayansi ya baiomedikali, maikrobayolojia, bayoteknolojia, afya ya jamii na maendeleo, sijasema ni mbaya. Nasema chukua simu upigie bodi husika kabla hujachagua uwaulize, mtu akimaliza hii kozi kwenye hiki chuo mtamsajili kama nani? Wakinyamaza umepata jibu lako.

MamaPeris_Kayole

Kaka Mungu akubariki kwa kuandika. Mimi nauza nguo hapa Kayole, Peris wangu amepata B. Bayo B+, kemia C+, hesabu B-, Kiswahili A-, Kingereza B. Tangu akiwa darasa la tatu anasema daktari. Sasa kuna ajenti ameletwa na jirani, anasema kuna chuo cha ng'ambo cha udaktari hawaangalii kemia, ni kulipa tu, na shemeji yangu anasema tuuze ploti ya Kamulu. Fomu za KUCCPS zinafungwa wiki ijayo. Nifanye nini, sijalala.

KijanaWaJuja

Mama Peris usiuze ploti bado, tafadhali. Mimi niko mwaka wa nne famasia. Kwa MBChB hapa Kenya wanaangalia yale masomo manne, bayolojia, kemia, hesabu au fizikia, na Kingereza au Kiswahili, na yote wanataka kuanzia B. Kemia ya C+ imemkatia na hesabu ya B- pia imemkatia. Na hiyo ni kukubaliwa kuomba tu. Kuitwa na serikali ni kitu kingine, klasta ya juu kabisa ni 48 na udaktari kwa vyuo vikubwa vya umma huwa inaenda juu ya 40, ndio maana unasikia mtu ana A- na amekosa.

Ng'ambo sasa. Mtu akisomea udaktari nje akirudi lazima KMPDC wakubali chuo chake, afanye mtihani wao, afanye intanshipu, ndio apate laiseni. Na wanarudi mpaka kwa alama zake za KCSE. Kama alama zake hazikuwa zinamruhusu kusomea udaktari hapa, hiyo ploti inaweza kuenda na laiseni isipatikane. Andikia KMPDC umtaje huyo ajenti na hicho chuo kabla hujatoa hata shilingi, na jibu lao uliweke.

Sista_wa_Usiku

Mama Peris, mimi ni nesi miaka kumi na nne sasa, nimeanzia hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa rotesheni nikiwa mwanafunzi na bado naipenda hii kazi, kwa hivyo nakuambia kutoka moyoni. Alama za Peris zinaingia digrii ya nesi bila shida, BScN inataka C+ ya jumla na C+ kwa yale masomo, anazo zote. Miaka minne, halafu kuna mtihani wa baraza na mwaka mmoja wa intanshipu, ndio laiseni. Ushindani upo kwa vyuo vya umma lakini anaweza kujaza.

Ila msimpeleke nesi kama zawadi ya kumfariji kwa kukosa udaktari. Nimefundisha wanafunzi wa namna hiyo wodini, unawaona siku ya kwanza, anasimama karibu na daktari raundi nzima na mgonjwa akiomba kugeuzwa kitandani anaangalia pembeni. Nesi ndiye anakaa na mgonjwa masaa kumi na mbili. Ni wewe unaona pumzi imebadilika saa tisa usiku kabla mashine haijalia. Mama amejifungua anatoka damu na daktari ako theta (chumba cha upasuaji) na mwingine, ni wewe unaweka dripu, unasugua tumbo, unapaza sauti, unahesabu pedi. Mtu akiingia hii kazi anaijua hivyo atakuwa nesi mzuri sana. Muulize Peris mwenyewe anapenda nini kwa hiyo udaktari, ni jina au ni mgonjwa?

Mzee_wa_Umoja

Nitaongea kama mzazi ambaye ameumia. Mnaelekeza watoto kwa afya kama kwamba kazi ipo. Madaktari wenyewe waligoma siku mia moja, Desemba 2016 mpaka Machi 2017. 2024 wakagoma tena siku 56, na jambo kubwa lilikuwa ni hawa watoto wa intanshipu, mkataba wa 2017 ulisema 206,400 kwa mwezi serikali ikasema 70,000. Wale wafanyakazi wa UHC, mpango wa serikali wa afya kwa wote, walioajiriwa 2020 kwa kandarasi nimewaona kwa macho yangu wamelala nje ya Afya House pale wizara ya afya wakitaka kazi ya kudumu. Binti yangu ni klinikal ofisa, amemaliza kila kitu, ana laiseni, amekaa nyumbani mwaka na nusu akifanya lokamu (kibarua cha kushikia wengine zamu) kwa kliniki ya mtu kwa pesa ya unga. Hiyo laiseni mnaimba hapa hailishi.

Hadubini_Eastlando

Mzee wangu pole kwa binti, na hujasema uongo hata kimoja. Afya ilipelekwa kaunti 2013 na tangu hapo kuajiriwa kunategemea kaunti iko na bajeti gani na inatangaza lini, kuna mahali wodi haina manesi na manesi wako mtaani hawana kazi, hiyo ni dhambi na naisema wazi.

Lakini nisikie kidogo. Binti yako akipata lokamu leo ni kwa sababu ana laiseni. Mimi nilipokuwa na bayokemia hata hiyo lokamu sikuwa naweza kupewa. Yeye mlango umefungwa na unaweza kufunguliwa kesho tangazo likitoka. Mimi wangu haukuwa na komeo la kufungua.

CO_Dandora

Nimesoma nimesimama, acha niongee kuhusu klinikal ofisa ju naona watu wengi wanaichukua kama udaktari wa walioshindwa na hiyo inaniuma. Niko kituo cha afya huku Dandora. Asubuhi ya leo peke yake nimeona wagonjwa zaidi ya sitini, nimepata mtoto ana homa ya uti wa mgongo mamake alidhani ni meno, nimemwanzishia dawa na nikampeleka hospitali ya Mama Lucy na ambulansi. Hapo hakukuwa na daktari. Vituo vingi vya chini nchi hii ukiondoa CO, yaani klinikal ofisa, na nesi unafunga mlango.

Njia ni mbili. Diploma, miaka mitatu na mwaka mmoja wa intanshipu, gredi ya jumla C, bayo na lugha zisishuke C. Au digrii ya klinikal medisini, miaka minne na intanshipu juu, C+. Ukimaliza diploma unaweza kurudi kusoma haya dipoloma, yaani diploma ya juu, ya macho, ganzi (kumlaza mgonjwa wa upasuaji), watoto, afya ya uzazi, mifupa, masikio na koo, akili. Kuna wenzangu wanapasua mtoto wa jicho na kuna wale wanalaza mgonjwa theta kila siku, wao ndio ganzi ya hospitali nzima ya kaunti. Wengine wanarudi MBChB, lakini hapo wengi huanza mwaka wa kwanza kabisa, kwa hivyo usiingie CO na hesabu ya kwamba ni ngazi ya kupandia, ingia ukiitaka yenyewe.

Mzee wa Umoja, mwambie binti aangalie haya dipoloma ya ganzi. Nimeona matangazo ya kaunti yanatafuta hao watu hasa.

Mzee_wa_Umoja

Asante kijana. Hiyo ya ganzi nitamwambia leo jioni.

MamaPeris_Kayole

Nimesoma zote, nimemsomea na yeye. Sista ile swali yako nimemuuliza tukiosha vyombo. Akanyamaza sana halafu akasema mama mimi nilianza kusema daktari wakati cucu, nyanya yangu, alipooza upande, kwa sababu kuna mtu alikuwa anakuja nyumbani amevaa koti nyeupe anamfanyisha mazoezi ya mkono na mguu mpaka cucu akasimama, na yeye alidhani huyo ndiye daktari. Mimi najua huyo mtu, alikuwa fizio wa hospitali, tulikuwa tunamlipa mia tano. Miaka hii yote hatukujua mtoto anamaanisha huyo.

FizioKasarani

Mama Peris mimi ni fizio na hiyo umeandika imenifanya niache chakula.

Niseme kazi ilivyo ili Peris asiwe na picha ya cucu peke yake. Leo nimeanza na mwanamume wa bodaboda amevunjika paja, amewekwa chuma, anaogopa kukanyaga, nimemtembeza hatua nne na amelia na akanitukana. Halafu mtoto wa miaka miwili ana seribro polsi, ule ulemavu wa mwendo unaotoka kwenye ubongo, mamake anatoka Mwiki na matatu mbili akiwa amembeba mgongoni, na kazi yangu kubwa hapo ni mamake, nimfundishe vile ya kumkalisha na kumlisha nyumbani, ju mimi namuona mara moja kwa wiki na yeye anaishi naye. Halafu ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, mtu ako kwa mashine, unamgonga kifua na kumgeuza makohozi yatoke. Halafu wale wa kupooza, wengi sana, presha ya damu haijatibiwa miaka kumi. Wagonjwa wa fizio hawaponi siku moja. Unahesabu kwa wiki na miezi, na lazima uwe mtu wa kufurahia kidole kimoja kimesogea. Na ina nguvu, mgongo wako mwenyewe utauma usipojifunza kuinua mtu vizuri.

Kusoma, kuna diploma KMTC miaka mitatu na kuna digrii miaka minne. Digrii ya fizio iko kwa vyuo vichache kuliko nesi, kwa hivyo nafasi zinajaa haraka, na lazima muangalie kwenye orodha ya Physiotherapy Council kama chuo kimeidhinishwa kufundisha. Msiangalie tovuti ya chuo, angalieni ya baraza. Nina mwenzangu alisoma mwaka mzima mahali wakiambiwa idhini inakuja, idhini inakuja, ikabidi ahame na ada imeenda. Kingine, kuna kozi za sayansi ya michezo na mazoezi, mtu anasoma anatomia ileile, misuli ileile, anamaliza anataka kufungua kliniki ya fizio, hawezi, hayuko kwenye rejista. Ni yaleyale ya Hadubini.

Kazi nayo nisidanganye, kaunti zinaajiri fizio wachache. Lakini fizio anaweza kujitegemea mapema kuliko wengi, kuenda kwa nyumba za watu, timu za mpira, shule za watoto wenye ulemavu. Na Marekani msiangalie vile wanafanya, kule fizio ni mpaka udaktari wa fizio baada ya digrii ya kwanza, huku digrii ya kwanza ndiyo inakupa laiseni.

KijanaWaJuja

Naomba niongeze ya kwangu haraka kwa wale watakuja kusoma baadaye. Famasia digrii ni miaka mitano, intanshipu mwaka, mitihani ya PPB, ile Pharmacy and Poisons Board. Diploma ya famasia ni kitu tofauti na cheo ni tofauti, teknolojisti, na wote wanaweza kukaa kwa kemisti lakini hospitalini kazi wanazopewa si sawa. Ukisoma ukidhani diploma itageuka kuwa mfamasia kwa uzoefu, haigeuki, unarudi shule.

Na saikolojia jamani. Binamu yangu amemaliza BA ya saikolojia anashangaa mbona hospitali haimpi kazi ya mwanasaikolojia wa kliniki. Hiyo kliniki ni masta. Mjue mapema muipangie pesa.

Wanjugu_Tao

Swali la haraka, mimi ni mzazi wa mtoto wa CBC, ule mtaala mpya, ako gredi ya tisa. Hii mambo ya klasta inamhusu?

Hadubini_Eastlando

Inamhusu kwa njia nyingine. Gredi ya kumi ndipo wanagawanyika njia tatu, na kundi la kwanza liliingia sinia skuli Januari 2026. Akitaka wodi, maabara au kemisti aingie STEM, ile njia ya sayansi, na achague bayolojia na kemia, na uhakikishe shule anayopelekwa inafundisha hizo mbili na ina maabara yenyewe. Usiache shule imchagulie mchanganyiko kwa sababu wana mwalimu mmoja wa kemia.

Sista_wa_Usiku

Nirudi kwa ile ya diploma na digrii kwa sababu naona inboksi yangu watu wanauliza. Mimi nilianza na diploma ya KMTC, C ya jumla inaingia, na siku hizi KMTC nayo unaomba kupitia KUCCPS hukohuko. Nikafanya kazi miaka mitano, nikarudi kusoma digrii nikiwa kazini, Aga Khan wana programu ya manesi walio kazini kwa mfano, na hiyo haichukui miaka minne kwa sababu wanahesabu ulichosoma. Mtu asione aibu kuanza diploma, hasa kama nyumbani pesa ni kidogo. Unaanza kupata mshahara mapema na unasoma ukijua wodi. Lakini kama mtoto ana alama za digrii na kuna njia ya kulipa, aende digrii moja kwa moja, maana kupanda cheo na kuwa mwalimu wa manesi inataka hiyo karatasi na kurudi shule na watoto wawili nyumbani nimeifanya na sitamani mtu.

Wanaotaka kuenda nje pia, nawaambia tu ukweli. Uingereza iliwekeana mkataba na Kenya 2021, njia ipo, lakini unafanya mtihani wa Kingereza, IELTS au OET, halafu mtihani wa kompyuta, ukifika kule unafanya wa vitendo. Marekani ni mtihani wa NCLEX. Ujerumani ni lugha kwanza, wanataka Kijerumani mpaka kiwango cha B2. Hakuna ajenti anaweza kuruka hizo hatua kwa ajili yako, akikwambia anaweza shika pochi yako utoke.

Mzee_wa_Umoja

Nimeongea na binti. Alikuwa ameshaanza kuulizia hiyo ya ganzi na hakutuambia kwa sababu ya ada. Nimemwambia tutafute. Ndugu wa Dandora, ulisema kaunti gani zinatangaza?

CO_Dandora

Mzee nimekutumia inboksi zile nimeona mwezi huu. Amwambie pia mkubwa wa pale anafanya lokamu amwandikie barua ya uzoefu yenye tarehe, atadaiwa.

MamaPeris_Kayole

Huyu ni Peris, mama amenipea simu. Asanteni nyote. Leo tumeenda na mama tukamuona yule fizio aliyekuwa anamshika cucu, bado ako pale pale hospitali. Ameniruhusu nikae kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka saa saba. Kuna mzee amejaribu kushika kikombe mara kumi na moja, nilikuwa nahesabu, ya kumi na mbili akashika. Nilitaka kumkumbatia lakini simjui.

Nina maswali mawili. Kama niweke fizio digrii ya kwanza na nesi chini yake, nikiitwa nesi nitaweza kubadilisha baadaye? Na hesabu ya B- itanizuia fizio?

FizioKasarani

Peris, B- haikuzuii kuomba, C+ kwa masomo ya klasta ndio mlango na uko juu yake. Kitakachoamua ni pointi zako za klasta zikilinganishwa na wenzako wa mwaka huu, kwa hivyo angalia pointi za mwaka jana za kila chuo kwenye akaunti yako ya KUCCPS ukiwa umeingia, kila kozi imeandikwa, na weka vyuo vinavyolingana na zako. Usiweke vyote vya juu.

Kubadilisha kupo, kuna dirisha la kuhama likifunguliwa, lakini nafasi lazima iwepo kule unaenda na alama zako zifike za huko. Usiijenge maisha juu ya hilo dirisha. Panga ukijua utakayoitwa ndiyo utakayosoma, na kama nesi iko kwenye orodha yako iwe ni kwa sababu uko tayari kuifanya. Na diploma ya fizio KMTC pia ipo, kama moyo uko hapo.

Sista_wa_Usiku

Peris mwanangu, Jumamosi sina zamu. Mama akikubali njoo nitakuombea kwa matroni uketi wodi ya akina mama masaa mawili hivi, uone na hii kabla hujaamua iwe ya pili. Vaa viatu vya chini.

Hadubini_Eastlando

Na Peris, ujaze mwenyewe. Kaeni na mama, muingie kwa akaunti yako, usimpe mtu wa saiba neno la siri. Soma namba ya kozi na jina la chuo kwa sauti mara mbili kabla ya kubonyeza, kuna kozi majina yanatofautiana neno moja tu. Ukiitwa, wiki ya kwanza chuoni uliza chuo kitawaandikisha lini kwenye baraza kama wanafunzi, hiyo namba ya kuandikishwa ndiyo itakufuata mpaka laiseni.

MamaPeris_Kayole

Huyu ni mama sasa. Jumamosi ameenda, amerudi na miguu imevimba na amelala saa moja jioni. Jana usiku tumejaza sisi wawili, tumesoma kwa sauti mpaka kaka yake akaamka. Fizio vyuo vitatu, halafu nesi, halafu klinikal medisini. KMPDC nao wamejibu kuhusu kile chuo cha ajenti na jibu nimempelekea shemeji alisome yeye mwenyewe. Ploti iko.

FizioKasarani

Peris akingojea majibu, yule fizio wa cucu akimkubalia tena aende hata siku moja kwa wiki. Na amwambie yule mzee wa kikombe sasa aanze kushika kikiwa na maji.